Unga wa Magome Katika Mfuko wa Shati

Miguu iliyokimbia upande wa kushoto wa uwanja wa chuo, katika mwaka wangu wa mwisho wa masomo, ilikuwa ya nani? Nimefika umri wa kuota mvi kidevuni, nina binti anayechezea klabu ya voliboli, na swali hilo bado linanitoa kitini kila ninapojaribu kutulia.

Tangu nikiwa mtoto, kila nilipokuwa na mechi, mama yangu alinichemshia supu ya mifupa yenye magome ya mti. Ilikuwa chungu kiasi cha kuufanya ulimi ujikunje. Kwetu, katika milima hii ya chai ya Bomet, hilo si jambo la ajabu: supu ya magome ni chakula cha mtu aliyechoka, kama uji ulivyo chakula cha mwanamke aliyejifungua. Mama aliketi mbele yangu kwenye kigoda, hasemi neno, mpaka bakuli likauke. Nilipofika mwaka wa tatu chuoni, elimu ikiwa imenijaa hadi puani, nilimtangazia kwamba sitainywa tena. Nilimweleza habari za ini, za figo, na za dawa isiyo na kipimo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Sawa.”

Msimu uliofuata nilicheza vizuri kuliko nilivyowahi kucheza. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeusimulia msimu huo, harusini na kazini, kama ushahidi kwamba mwili wa kijana unahitaji mazoezi na usingizi, basi.

Mwaka huu, mvua ndefu zilipokuwa zikimalizika, binti yetu alikuja nyumbani kwa mapumziko mafupi kabla ya nusu fainali. Yeye ndiye seta wa timu, yule anayewapandishia wenzake mpira ili waupige, kwa hiyo mikono yake ikichelewa kidogo, wote wanachelewa. Mama yake alikuwa kwenye kozi Nakuru wiki hiyo, hivyo nilimpokea mimi. Alifuatana na mchezaji mwenzake, msichana ambaye wazazi wake walitoka upande wa ziwa wakaja kufanya kazi kiwandani Kericho. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi, na Kikipsigis chake kinanishinda mimi kwa methali.

“Baba, huyu mtoto wako mtafutie kamba umfunge,” mwenzake alisema hata kabla ya kuweka begi chini. “Usiku anazunguka kwa chumba kama askari wa stoo. Mimi nikilala naota niko jela.”

“Wewe unalala hata ukisimama,” binti yangu alimjibu. “Juzi kwa basi ulikoroma mpaka dereva akasimama kuangalia injini.”

Tulicheka. Lakini niliyaona macho yake, yamezama, na niliona jinsi alivyokiketia kiti pembeni kama mtu anayesubiri kuitwa. Baadaye aliniambia kwa ufupi, kama tunavyozungumza baba na binti katika nyumba zetu, maneno machache na macho kwingine.

“Kocha amesema nirudi Jumatatu nikiwa na miguu. Nikirudi hivi, ni benchi.”

“Na usingizi umeenda wapi?”

“Sijui, Baba. Nikifunga macho naona mpira unakuja, na sijui nitampea nani.”

Mzazi akishaambiwa hivyo, mikono yake haiwezi kukaa bure. Jumamosi asubuhi nilikwenda Kericho mjini. Katika duka moja la virutubisho, kijana wa kaunta alinionyesha kopo la vidonge vya mitishamba, vya kuondoa msongo wa mawazo na kurudisha nguvu baada ya mchezo. “Hii ni mizizi tupu, mzee,” alisema. “Vijana wa raga wanaimaliza.” Mimi ni afisa wa kilimo. Kazi yangu, wiki nenda wiki rudi, ni kuwasihi wakulima wasome kibandiko kabla ya kunyunyiza chochote shambani. Nililitia kopo lile kwenye mfuko bila kusoma hata mstari mmoja.

Binti yangu ndiye aliyesoma. Alilizungusha polepole mkononi kama anavyouzungusha mpira.

“Wameandika mizizi mitatu, halafu ‘mchanganyiko maalum’. Maalum ni nini?”

“Ni mimea mingine, nadhani.”

“Nadhani haiwezi kunisaidia, Baba. Wakipima mkojo wangu wapate kitu, hawatauliza nani alininunulia. Watanifungia mimi.”

“Na wewe Baba utabaki hapa ukihesabu majani chai,” mwenzake aliongeza kutoka kwenye kochi, macho yakiwa tayari yanafumba.

Hakukuwa na haja ya kunieleza zaidi. Katika milima hii yenye wanariadha wengi, hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya kufungiwa. Niliweka kopo juu ya kabati, nikatoka nje, nikarudi ndani, nikatoka tena.

Jioni hiyo mama yangu alituita kwake. Nyumba yake iko upande wa pili wa ua, mbele ya chai yake mwenyewe, na harufu ilitupokea kabla ya mlango: mifupa na magome. Nilijua angefanya hivyo. Nadhani binti yangu pia alijua, kwani alikuwa amejiandaa.

“Gogo, unisamehe,” alisema, akimshika bibi yake mikono yote miwili. “Kuna sheria. Siwezi kunywa mti wowote mpaka daktari wa timu aujue.”

“Sheria ya nani hiyo inayomnyima mtoto supu?”

“Ni ya mchezo, Gogo.”

“Baba yako alicheza mchezo. Hakuna aliyekuja kuchungulia sufuria yangu.” Lakini alijikaza, akaisogeza sufuria pembeni. “Basi mtakunywa nini?”

“Mursik,” wasichana walisema pamoja.

Mama aliinuka kwa furaha, akaleta kibuyu, akakitikisa, akawamiminia maziwa yale mazito yenye michirizi ya kijivu. Walikunywa kama ndama. Mwenzake aliomba tena, akidai kwamba hata mama yake alihamia Kericho kwa ajili ya kinywaji hicho, kazi ilikuwa kisingizio tu. Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa leso, na katika kicheko hicho akasema neno ambalo, naamini, alilikusudia kuwa utani.

“Mnaukimbia mti, na mti mmeshaumeza. Kibuyu hiki nimekisugua kwa mkaa wa senetwet. Na senetwet ni dawa tangu babu yenu hajazaliwa.”

Binti yangu alishusha kikombe.

Alikuwa amemwona bibi yake akisugua vibuyu kwa mkaa huo tangu akiwa mgongoni. Mimi pia, na shahada yangu ya kilimo, ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya mti huo. Lakini sisi sote wa huku tukiulizwa mursik ni nini husema, ni maziwa tu. Mkaa hatuuhesabu. Rangi yake tunaiona, ladha yake tunaisifu, na bado hatuuhesabu.

“Gogo, sasa umetumaliza,” mwenzake alisema, ingawa chake hakukiacha. “Haya, wakinifungia kwa sababu ya maziwa, nitafungiwa nikiwa nimenona.”

Binti yangu alitoka nje na simu. Alimwandikia daktari wa timu, naye akamjibu upesi: maziwa aliyoyazoea tangu utotoni hayakumtia wasiwasi, ila magome asiyaguse, na kopo la baba yake pia asiliguse. Alitusomea ujumbe huo kwa sauti, akamshukuru bibi yake, akaketi. Kikombe hakukimaliza. Hofu haisomi ujumbe. Nilimwona mama akikitazama kikombe kile kilichobaki nusu, na uso wake ukazeeka mbele yangu.

Jumapili, baada ya ibada, aliniita nilipokuwa nikikatia ng'ombe majani. Alitoa kwenye fundo la leso karatasi iliyokunjwa vizuri, yenye unga wa magome ndani, akanitilia katika mfuko wa shati, akaupigapiga kwa kiganja.

“Mtilie kwa chai. Kidogo tu, kama chumvi. Atalala.”

“Mama, amekataa mwenyewe.”

“Mtoto akikataa sindano, unamrudisha nyumbani?”

“Si mtoto.”

“Na wewe hukuwa mtoto.” Alinitazama kwa jicho la mtu aliyeweka mzaha akiba kwa miaka mingi. “Ule unga wa wimbi niliokuwa nakutumia chuoni, baada ya kuniambia habari za figo. Ulidhani ni wimbi peke yake?”

Panga lilisimama mkononi mwangu.

“Ulikimbia, hukukimbia?” aliuliza, akicheka, bila haya wala majuto.

Sikuweza kumkasirikia, sikuweza hata kucheka naye. Nilimuuliza swali la afisa wa kilimo: ni mti gani? Akaniambia kwamba ule wa zamani aliubandua mwenyewe kando ya mto, lakini miti hiyo imekwisha. Siku hizi hununua kwa mwanamke mmoja sokoni Siongiroi, ukiwa umesagwa tayari.

“Na huyo anachanganya nini humo?”

“Anachanganya anachochanganya. Kwani kopo lako lilichanganywa na nani, shangazi yako?”

Mchana ule wote nilitembea. Nilikagua ua ambao haukuwa umebomoka, nikashuka hadi chini kwenye chai, nikapanda, nikasahau nilichofuata. Karatasi ilikuwa nyepesi, lakini niliisikia kila nilipoinama. Upande wa zizi, binti yangu alikuwa akipiga mpira ukutani kwa vidole, tap, tap, tap, bila kupumzika, na ng'ombe walikuwa wameacha kutafuna kumsikiliza. Mwenzake alikuwa amelala kwenye nyasi karibu naye, kofia usoni. Kila mdundo uliniambia jambo lile lile: kesho anarudi, hajalala, benchi. Na suluhisho lilikuwa kwenye mfuko wangu. Au balaa. Sikujua ni lipi, na hakuna aliyejua kati ya sisi wawili tuliotaka kumsaidia.

Saa ya chai nilisema nitapika mimi. Maziwa yalipokuwa yakiumuka, nilitoa karatasi, nikaikunjua juu ya kikombe chake. Harufu ilipanda. Ilikuwa ile ile ya utotoni, ya kigoda na bakuli, na nakiri kwamba mate yalinijaa kinywani. Katika fikra nilimwona amelala. Nilimwona Jumamosi ijayo akipandisha mipira kwa mikono isiyotetemeka, wenzake wakimrukia shingoni. Halafu nikajiona mimi katika mwaka ule, nikikimbia kando ya mstari mweupe, nikiamini kwamba kila hatua ni yangu. Msimu wangu mzuri kuliko yote ulikuwa umechukuliwa asubuhi hiyo kati ya majani ya ng'ombe, na mtu aliyenipenda kuliko wote ndiye aliyeuchukua. Huenda magome hayakufanya lolote. Huenda yalifanya yote. Sitajua kamwe, kwa sababu sikuulizwa.

Niliikunja karatasi, nikairudisha mfukoni. Sitaki kujisifu, vidole vilikuwa vizito, na kama maji ya kuoshea vyombo hayangemwagika wakati ule yakanishtua, sijui ningefanya nini.

Nilimpelekea chai kando ya zizi. Alikishika kikombe, akakiangalia ndani, kisha akaniangalia usoni.

“Baba, umepika wewe?”

“Mimi.”

“Wewe mwenyewe?”

“Mimi mwenyewe.”

Alikunywa yote, bila kuhema, akanirudishia kikombe kitupu, akauokota mpira wake. Nilisimama pale na karatasi ile kifuani. Hakuniuliza zaidi, kwa kuwa kwake neno langu lilitosha. Hapo ndipo nilipojua kwamba kutomtilia hakukutosha. Kulikuwa na chai nyingine mbele yake, na unga mwingine wa wimbi ungefungwa, na mama yangu hangeacha kumpenda kwa njia anayoijua.

Jumatatu, pikapu ya jirani inayopeleka maziwa Sotik ilikuwa imesimama langoni, na mabegi yalikuwa yamekwisha kupakiwa. Nilimwambia binti yangu anifuate kwa bibi yake. Mama alikuwa jikoni, akiwasha moto, maji na maziwa vikiwa karibu. Nilitoa karatasi, nikamkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anavyomkabidhi mzazi kitu.

“Mama, hii ni yako. Jana sikumtilia, wala sitamtilia. Nawe usimtilie, si kwa chai, si kwa unga, si kwa maziwa. Akitaka, ataomba mwenyewe.”

Binti yangu aliitazama karatasi, kisha bibi yake, kisha mimi, kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Mama hakukana. Aliifunga karatasi katika fundo la leso yake, akalikaza kwa meno.

“Na huko anakokula,” aliuliza, “nani huketi mbele yake?”

 Nje, pikapu ilipiga honi, na sauti ya mwenzake ikapaa ikimbembeleza dereva asubiri. Binti yangu alikunja mikono ya jaketi la timu, akaisuuza sufuria, akapima maji, akamimina maziwa, akatia majani kwa vidole vyake mwenyewe. Mama alivuta kigoda, akakiweka mbele yake, akaketi.