Jike wa Madoa na Mimi Saisi Wake

Siku yangu ya kwanza kazini kule Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tulikuwa watano zizini. Mwenye shamba, Mmarekani tuliyemwita Baba Lusi, na mkewe Mama Lusi. Kilonzo, nyapara wa masaisi, binamu ya marehemu mume wangu. Yeye ndiye alinitafutia kazi. Njoroge, fundi wa kwato, jirani ya Kilonzo. Na mimi, Mama Mutheu, niliyesoma mpaka darasa la tatu.

Saisi ni mtu wa farasi: kulisha, kusugua, kufunga tandiko. Mimi nilipewa sepetu ya kuzoa mavi.

"Farasi ni kazi ya wanaume," Kilonzo aliniambia.

Nikazoa. Lakini macho na masikio yalikuwa yangu. Mama Lusi akifundisha wanaume, nami nasikia. Yule mwekundu, kifua kipana, matako mazito, ni wa ukoo wa Kwota. Babu zake walishindana mbio za robo maili, ndiyo maana ya jina, kwota ni robo kwa Kiingereza, na akiona ng'ombe anamkatia njia kabla hujamwambia. Mweusi mfupi wa shingo juu ni Mogani. Ukoo wote ulitoka kwa dume mmoja, aliyeitwa kwa jina la mwalimu aliyemfuga. Mustangi hatukuwa naye. Wazee wake waliletwa na Wahispania, wakatoroka, wakawa wa porini.

Halafu lori likaleta jike wa madoa, wa ukoo wa Apalusa. Hao walifugwa na wenyeji wa Marekani kandokando ya mito, watu waliochagua dume vile Wamaasai huchagua fahali, mbaya anahasiwa. Wanajeshi wakawanyang'anya. Ukoo haukuisha.

Jike akashuka, weupe wa jicho unaonekana wote. Kwa farasi tuliozoea, jicho hivyo ni hofu ama ukali. Kilonzo akakimbilia kamba ya kusokota mdomo wa juu, ile ya kumtuliza farasi. Jike akaruka, karibu avunje ukuta wa zizi.

"Wacha kamba," Mama Lusi akasema. "Ukoo wao wako na jicho hivyo. Hana hasira."

"Hakuwa nayo," Njoroge akasema. "Sasa ako nayo."

Hakuna aliyetaka kumkaribia. Baba Lusi akasema asiposhikika leo, kesho anarudishwa. Nikaweka sepetu chini.

Kilonzo akaniita, "Shemeji, akikupiga teke nitamwambia nini mama mkwe wako?"

"Mwambie nilikuwa kazini."

Nikasimama ubavuni pa jike, simtazami, mpaka akashusha kichwa. Nikamshika, tukaenda kwa maji.

"Huyu mama ni saisi wa nani?" Baba Lusi akauliza.

Nikajibu mwenyewe: "Wa huyu."

Nilimtunza miaka mingi. Miaka ya elfu mbili akaja meneja mpya: "Mama, umezeeka. Jikoni kuna kivuli."

"Kivuli mpe mpishi," nikamwambia.

Nilitoka siku shamba lilikatwa ploti, si kabla.

Leo vijana wa bodaboda wananiambia hapa hakujawahi kuwa na saisi mwanamke. Wewe uliyekuwako, kama nimekosea jina la mtu ama ukoo wa farasi, njoo unirekebishe, nitakupikia chai. Lakini hiyo ya usaisi wangu, hiyo usiguse.