Kabati Lisilopita Mlangoni

Mtu akikuambia kitu chako ni kibovu, na bado anakizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, mtazame mikono. Nimenunua na kuuza vitu vya zamani miaka ishirini na minane, nikianza na chupa tupu nilizozipanga juu ya gunia, na hilo ndilo somo pekee ambalo halikunigharimu. Ndiyo maana hasira niliyoipata nyumbani kwa Karani haijaniisha mpaka leo.

Karani ndilo jina tulilompa sote. Alifanya kazi masjala ya halmashauri miaka thelathini na mmoja. Siku ofisi ilipoletewa mizani mpya, ile ya shaba ikatupwa uani. Yeye akaenda kwa mkubwa wake, akaomba kuinunua, akadai risiti. Wenzake wakamcheka: "Utapima nini nayo, dada, uvivu wetu?" Akaibeba. Ndivyo alivyoanza. Zikafuata saa za ukutani, redio za mbao, taa za mafuta, viti vya kukunja, na kila kitu risiti yake ikaingia kwenye faili. "Anayekusanya bila risiti ni mwizi au mjinga," alikuwa akiniambia huku akinibana bei. Hakuwa mteja rahisi. Sijawahi kupata kwake faida ya kusimulia.

Mumewe alipofariki na paa likaanza kuvuja, aliuza nyumba, akanunua fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya pili. Watu walidhani atachanganyikiwa. Yeye alichukua karatasi ya mraba, akachora fleti yote kwa vipimo, madirisha na soketi za umeme zikiwemo. Kisha akakata vipande vya kadibodi, kila kipande na samani yake, akakaa mezani wiki nzima akivisogeza. Katika vitu zaidi ya tisini, kumi na saba vilipata nafasi. Vingine aliviuza, na sikuona chozi. Lakini kipande kimoja hakikusogea tangu siku ya kwanza: kabati la mvule, la futi saba na nusu kwenda juu, la kusimama katikati ya chumba kikubwa, mgongo upande wa kitanda, uso upande wa wageni. Ndilo lingekuwa ukuta wake.

Sasa binti yake, kwa mapenzi yake, akamletea zawadi: mpambaji wa nyumba. Kijana nadhifu, viatu vyeupe, futi ya kupimia kiunoni kama bastola. Siku hiyo nilikuwepo kwenye nyumba ya zamani, nimekuja kuchukua redio mbili.

"Mama, nyumba ndogo inataka kupumua," akasema. "Tuweke rangi nyeupe, meza ya kioo, pazia nyepesi hizi nilizoleta. Haya mengine ni mizigo."

"Mimi nitapumua," Karani akamjibu. "Nyumba haina mapafu."

Binti akacheka kidogo, akamwomba mama yake amsikilize mtaalamu. Mtaalamu akalipima kabati, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Mlango wa fleti ni futi sita na nusu, ngazi zina kona mbili. Halipiti. Ama likatwe kichwa na miguu, ama mama amwachie yeye alitafutie mtu, japo mbao zenyewe zimechoka. Akataja bei. Kwa bei hiyo unapata godoro, tena jembamba.

Karani aliketi. Mnunuzi wa nyumba alitaka funguo zake Jumamosi, na ilikuwa Alhamisi. Alikitazama kile kipande cha kadibodi, kisha akamwambia binti yake kwa sauti ndogo, "Kukatwa, hapana. Heri aende nalo."

Kijana akapita nyuma ya kabati na simu yake, akapiga picha tatu.

Hapo damu ikanipanda. Mtu anayelidharau kabati hapigi picha mgongo wake. Mgongo huutazama anayejua. Nikangoja atoke kwenda kupokea simu, nikajibanza kati ya kabati na ukuta. Nyuma kote kulikuwa na vumbi la miaka, isipokuwa sehemu moja pale kona ya juu, palipofutwa kwa kidole. Chini ya alama ya kidole hicho palikuwa na kabari ya mti, ndogo kama ulimi wa mbuzi. Nikapapasa: nyingine, na nyingine. Msumari haukuwepo hata mmoja. Kabati zima limeshikwa na kabari. Lilitengenezwa na mtu aliyejua kuwa watu huhama.

"Dada," nikamwita Karani, "njoo huku nyuma."

Kijana aliporudi alitukuta wote watatu tumesimama, binti ameshika kabari mkononi.

"Hii uliiona?" binti akamuuliza.

"Sikuwa na uhakika, dada. Vitu vya zamani bwana, ukigusa vinavunjika."

"Uliifuta vumbi ukiwa huna uhakika?" nikamuuliza.

Akaanza kukunja futi yake. Sitajifanya malaika. Nami nimeviponda vitu vya watu ili bei ishuke. Biashara ina uongo wake, na pande zote mbili huujua. Lakini unaviponda mbele ya mtu anayejua kuwa anauza. Humwendei mama anayehama, uliyeitwa umpangie nyumba, ukamtisha kwa msumeno ili akupe mwenyewe kwa mkono wake. Hiyo si biashara, ni kumwibia mtu huku akikukaribisha chai.

Binti alitaka kumfukuza palepale. Karani akakataa. "Pazia alizoleta ni nzuri. Azitundike kule kwenye fleti kwanza, ndipo aende."

Ijumaa fundi seremala alikuja na nyundo ya mti, akagonga kabari moja moja. Kabati likafunguka vipande kumi na kimoja, likapanda ngazi za fleti mabegani mwa wapagazi wawili, kona zote mbili, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limesimama pale kadibodi ilipolisimamisha. Kijana naye alikuwa juu ya stuli, anatundika pazia, Karani yuko chini anamwambia upande wa kushoto umelala.

Alipomaliza nilimsindikiza hadi kwenye ngazi, nihakikishe anaondoka. Akanipa kadi yake. "Mama mdogo, tuseme kweli. Wewe na mimi tunaelewana. Yule mama siku Mungu akimchukua, nipigie. Tugawane."

Nilirudi juu, nikamsimulia Karani neno kwa neno. Hakukasirika. Akafungua faili lake, akachukua karatasi safi, akaandika kwamba siku akifa kabati liuzwe kwa mnada wa wazi, fedha apewe binti yake, na kwamba mpambaji wa nyumba na muuza vitu vya kale, yaani mimi, tusiruhusiwe kutaja bei mpaka watu wengine watano wawe wametaja.

"Mimi nimefanya nini?" nikamuuliza. "Si ndiye niliyekuokolea kabati?"

"Ndiyo, mdogo wangu. Na uliijuaje hila yake upesi vile?"

Akanisogezea kalamu nisaini kama shahidi. Nikasaini, nimenuna, na kadi ya yule kijana nikaichana mbele yake ili aone.