Sahihi ya Mama Kavira

Siku yangu ya kwanza kazini, Masisi-kati, bosi wangu hakunipa kalamu. Tulimwita Metre, kama tunavyowaita mawakili wote huku. Alinikalisha mbele yake akasema:

"Mawazo, hapa tuko tunatumikia watu wawili: mwenye kununua nyumba, na koperative yenye kumukopesha. Nyumba njo rehani. Kama kuna shida, koperative ijue mbele ya kutoa mukopo."

Akanifundisha masharti yao. Hati iwe ya muuzaji. Majirani waonyeshe mipaka. Muuzaji akiwa na mke, mke akubali kwa kinywa chake, mume akiwa nje. Sharti hilo la mwisho nililiona dogo, mpaka nilipotumwa ofisi yetu ya Kitshanga.

Papa Kambale, mfanyabiashara, alikuwa anauza nyumba yake. Mnunuzi alikuwa mwalimu Bahati, ambaye alikwisha kutoka kwenye nyumba ya kupanga. Watoto wake walikuwa wamekaa juu ya magodoro uani kwetu, wakingoja ufunguo. Metre naye alikuja siku hiyo ya sahihi.

"Mama anakubali," Papa Kambale alisema. Mke wake, Mama Kavira, aliitikia kwa kichwa.

Nikamwingiza peke yake chumba cha nyuma, nikafunga mlango.

"Mama, unakubali nyumba iuzwe?"

Nje, mume alianza kugonga. "Munafanya nini mule? Kitu ya dakika moja!"

Mama Kavira alishika mkono wangu. "Dada, bwana yangu iko na bibi mwingine kule Walikale. Anataka kuhamia kule na makuta yote, pesa yote ya nyumba. Nikisema hapana, atanipiga. Nikisema ndiyo, batoto balale wapi?"

Ningeandika kwamba amekataa, ningemtia mikononi mwa yule aliyekuwa akigonga. Nikafungua mlango.

"Papa, nyumba haiuzwe leo. Mama hajakataa. Mimi njo nakataa."

Alirusha kiti ukutani. Alinijia ngumi juu, na Metre akasimama katikati yetu.

"Kama uko na hasira, Papa, ianzie kwangu. Lakini koperative haitoe kitu bila sahihi ya huyu binti."

Metre alimwita chefu wa kartye, yaani mkuu wa mtaa, na wazee wa kanisa lao. Walibishana mpaka jua likaegemea vilima. Mwisho Papa Kambale alipanda pikipiki yake akaelekea Walikale, na wazee wakamsindikiza mama nyumbani. Mume hakurudi. Mama Kavira aliwalea watoto wake wote katika nyumba ile.

Lakini jioni ile mwalimu Bahati alikuwa bado uani, anakunja magodoro.

"Mie nilikukosea nini?" aliniuliza. Familia yake ilikaa muda mrefu katika darasa la shule kabla ya kupata nyumba nyingine.

Baadaye nilifanya kazi Walikale, nikarudi Masisi, na sasa nimestaafu. Vijana wa ofisi huniuliza kama kazi yetu ni ya karatasi. Nawaambia juu ya mwalimu Bahati. Tunakutana kanisani, namsalimia, anageuza uso. Simlaumu. Nilimnyima nyumba mtu mwema asiye na kosa. Nikirudishwa kazini kesho, nitamnyima tena.