Mgeni Rasmi Alipochelewa Kerende

Siku yangu ya kwanza kazini, Tarime mjini, sikufundisha hata neno moja. Mratibu wa Mafunzo, mama mrefu mwenye sauti ya kwaya, alinivua cheo nilichojipa njiani. "Bhoke, leo wewe ni mtunza muda," akasema. "Kaa nyuma. Usinitazame mimi, tazama washiriki. Wakianza kuchungulia dirishani, ninyooshee mkono."

Nilidhani kuendesha semina ni kuijua mada. Kumbe! Kufikia saa ya chai nilikuwa nimeduwaa. Mzungumzaji akirefusha, Mratibu hamkatizi. Humwambia, "Hilo tuliandike lisitupotee," akaliandika kwenye bango kitita, yale makaratasi makubwa yanayosimamishwa mbele ya ukumbi, na somo likaendelea. Aliyesema anaridhika, na wenzake wanapumua. Nilirudi nyumbani nikiwa kama nimetoka harusini. Hii kazi, nikajiambia, naitaka.

Baadaye nilipelekwa Sirari, mpakani, kuwafundisha mawakala wa forodha na wafanyabiashara wadogo. Huko nilijifunza ufunguzi. Nilianza na utambulisho, malengo, kanuni za ukumbi, kila kitu kwa mpangilio. Wakala mmoja akasimama, simu sikioni: "Madam, si utuambie tu ile ya maana? Lori zangu ziko kwa laini." Ukumbi ukaangua kicheko. Afisa Biashara, bosi wangu wa pale, alinivuta pembeni wakati wa mapumziko. "Watu hawa wana haraka, hawana dharau," akaniambia. "Anza na kinachowauma." Baada ya chai nikawauliza ni karatasi gani inayowakwamisha zaidi pale getini. Walipokezana kusema mpaka mimi mwenyewe nikawaomba tuende kula.

Lakini siku ninayoisimulia kila nikipata wa kunisikiliza ni ile ya Kerende.

Kijiji kilikuwa kimepata kisima cha pampu. Wenyeji, wakulima na wafugaji, walisema ni chao. Wachimbaji wa dhahabu waliotoka mikoa mingine walisema maji hayana kabila. Vijana wakapigana kwenye foleni, mmoja akapasuliwa kichwa kwa ndoo. Ikaamuliwa tufanye semina ya kuunda kamati ya pamoja. Mkuu wa Idara yetu alinieleza tukiwa kwenye gari: "Kamati isipopatikana leo, pampu inafungwa mpaka watu wapoe." Nilijua maana yake: kina mama wangerudi kuchota kwenye madimbwi pamoja na mifugo.

Tulipofika, wenyeji walikuwa wamekaa upande wa mlangoni, wachimbaji upande wa ukutani. Katikati palipita upepo tu. Ratiba ilisema mgeni rasmi afungue kwanza, na mgeni rasmi hakuwepo. Kila tukipiga simu, yuko njiani. Tukangoja. Chai ikapoa. Hatimaye Mzee Marwa, aliyekuwa msemaji wa wenyeji, akashika fimbo yake akainuka.

"Ng'ombe hawajui ratiba," akasema. "Tunaondoka."

"Hata sisi mashimo yanatungoja," akajibu kijana Masanja kutoka kwa wachimbaji, na wenzake wakaanza kusogeza viti.

Nikamwendea Mkuu wa Idara. "Niruhusu nianze."

"Usithubutu. Ataona tumemdharau."

"Mkuu, hawa wakitoka, atakuja kuvifungulia viti."

Alinitazama, akautazama mlango. "Basi anza. Ila usiite ufunguzi."

"Nauita utambulisho."

Nikasimama katikati. "Shikamooni wazee. Kabla hamjatoka, naomba jambo moja. Kila mtu asimame na mmoja wa upande wa pili, amweleze siku aliyopokewa vizuri ugenini. Mkimaliza, anayetaka kwenda aende."

Mzee Marwa akanipima kwa macho, kisha akatembea polepole hadi kwa Masanja. Wengine wakafuata, wakiburuta miguu.

"Mura," mzee akaanza, kama tunavyoita kijana wa kiume kwetu. "Nilipokuwa rika lako, nilifuata nyayo za ng'ombe wetu walioibwa mpaka Usukumani. Njaa ikaniangusha. Mama mmoja akanipa ugali na mlenda. Hakuniuliza kabila."

"Wapi huko, mzee?"

"Magu."

"Magu?" Masanja akapaza sauti. "Mimi ni wa Magu!"

"Basi huenda nililishwa na bibi yako!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Ukumbi mzima ulikuwa unavuma, na hakuna aliyekumbuka kuondoka. Ndipo mgeni rasmi akaingia. Hakuna aliyesimama. Mkuu wa Idara akakimbilia mlangoni.

"Mmeshafungua?" mgeni akauliza.

"Bado, mheshimiwa. Ni utambulisho."

Mzee Marwa akamvutia kiti. "Karibu, mheshimiwa. Na wewe tueleze, nani aliyewahi kukulisha ugenini?"

Mgeni alisita, akaiweka hotuba yake mfukoni, akasimulia jinsi familia asiyoijua ilivyomhifadhi alipougua akiwa mwanafunzi. Akamaliza kwa kusema, "Semina imefunguliwa." Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Asubuhi yote ilikuwa imekwenda. Nikaitupa mada yangu ya kwanza bila huruma, nikaingia moja kwa moja kwenye vikundi vilivyochanganyika. Alasiri ilipofika tulikuwa na kamati. Walipobishana nani atunze ufunguo wa pampu, Mzee Marwa aliinua fimbo. "Apewe Masanja," akasema. "Kwao nilikula." Hakuna aliyepinga. Tulitoka wote hadi kisimani, nikanywa maji yale kwa kiganja nikicheka peke yangu.

Sasa nimestaafu, nafuga ng'ombe kijijini Kisaka. Vijana mnaoendesha semina, jueni hili: ratiba ni yenu, ila muda ni wa waliokaa mbele yenu. Majuzi nilialikwa kwenye mafunzo ya wafugaji, nikaenda kama mshiriki. Mwezeshaji, binti mdogo mchangamfu, akauliza habari za malisho. Nikanyoosha mkono, nikaanza kuchangia, nikanogewa. Binti akatabasamu, akasogea karibu.

"Shikamoo mama," akasema. "Hilo tuliandike lisitupotee."

Ukumbi mzima ulicheka. Niliyecheka zaidi ni mimi.