Gemu ya Mkono Mmoja

Mutheu wa mtaa wa Landless alijifunza kutengeneza gemu za simu mtoto akiwa mgongoni. Wengine huweka vitufe pande zote mbili za simu, mkono huku na mkono kule. Yeye alivipanga vyote chini, pale kidole gumba kinapofika, kisha akaongeza kimoja cha kuvihamisha kutoka kulia kwenda kushoto, maana mtoto hanyonyi upande mmoja. Mama ana mikono miwili, lakini ni lini yote ikawa yake?

Jumamosi hiyo alimbeba mtoto wake Syokau hadi Kamakis, kwa Kahiga mwenye chumba cha gemu. Kahiga alikuwa amemwambia vijana wake wataijaribu gemu yake. Wakiipenda, ataiweka kwenye tableti zake zote. Mpaka siku hiyo ilikuwa imechezwa na akina mama wa ploti anakopanga tu.

Gichuru, bingwa wa hapo, aliitazama. Ndani ya gemu, mama amebeba mtungi wa maji, anaruka mawe kuvuka matope bila kumwaga.

"Mathe, hii ni ya kucheza ukikoroga uji?"

"Ndiyo," Mutheu akajibu. "Na uji hauungui."

Wakaangua kicheko, hata Kahiga. "Weka vitufe pande mbili kama watu wengine, halafu urudi. Hapa wanacheza wanaume."

"Kwani wanaume hawana shughuli?" Alisema polepole, akimtingisha mtoto.

Alikuwa anafunga leso aende zake, muuza mutura, ile soseji ya matumbo ya kuchoma, alipofika mlangoni. Kwa Kahiga sheria ni moja: mwenye mafuta mkononi hagusi pedi za gemu. Vijana wote wakatoka, wakaketi kwenye benchi wakitafuna.

"Hebu hiyo simu, nicheke kidogo," Gichuru akasema. Mutura ilikuwa mkono wake wa kulia. Mutheu akainama, akabonyeza, vitufe vikahamia kushoto, chini ya kidole gumba cha Gichuru.

Maji yakamwagika. Akaanza tena. Yakamwagika.

"Ngai! Hili jiwe linateleza!"

"Ruka mapema, wewe! Wacha mimi!"

"Kaa hapo, bado ni mimi."

Mutura ikapoa mkononi. Kahiga akatoka kuona mbona chumba kimenyamaza. Akasimama nyuma ya mabega yao, akatazama.

"Mama Syokau," akaita mwishowe, "leta tuiweke kwa tableti zote."

"Na vitufe?"

"Si viko mahali pake? Viache."

Mutheu alimbusu mtoto utosini.

Jioni ilikuwa inaingia, na Syokau ameanza kulia. Mutheu akanyoosha mkono apewe simu yake. Gichuru hakuinua macho.

"Siz, nimebakisha mawe mawili. Mtoto anakusumbua? Leta."

Akameza kipande cha mwisho, akajipangusa mkono kwa suruali, akampokea Syokau begani. Huku akimbembeleza, kidole gumba cha mkono wa pili kilizidi kuruka mawe.