Dawa ya Grafini Iliyoungua Stoo

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya vifurushi katikati ya jiji, nyuma ya mama mmoja, mtafiti wa chuo. Karani alimletea chupa iliyokuwa imekaa siku nyingi kwenye stoo ya mabati. Mama aliigusa, ikiwa ya moto, akafumba macho.

"Hii ilitakiwa ikae kwa friji. Joto limeshaiharibu."

"Lakini madam, haijapasuka. Kwani ni ya nini?"

"Ni dawa ya kupaka grafini, unga wa kaboni unaopitisha joto haraka. Bila dawa, grafini haishikani vizuri na plastiki, joto linakwama. Tunataka plastiki hiyo ipoze betri za pikipiki za umeme. Na maabara yetu inafungwa mwezi huu."

"Pole. Si uagize ingine?"

Alicheka kidogo, akasema ingine itakuta maabara imeshafungwa, akaiacha chupa pale, akatoka. Wakubwa hulalamika kwamba nchi haina wavumbuzi. Inao. Wanatoka kwa kaunta mikono mitupu, nasi tunasogea mbele kwenye foleni.