Viti vya Nyuma

Jirani yetu wa Ndanai alikuwa na Trooper kuukuu iliyokunywa petroli kuliko ng'ombe wake walivyokunywa maji. Bei ilipopanda, mwaka wa tisini na tatu, alianza kuzima injini kwenye kila mteremko, gari likishuka kimya kati ya majani chai, mkono wake mkubwa ukipapasa usukani kama shingo ya ndama. Ili kupunguza uzito, fundi Okemwa aling'oa keria ya juu.

"Tutoe na viti vya nyuma, mzee. Hakuna mtu anakaa huko."

"Hivyo wacha. Watoto wakikuja Krismasi watakaa wapi?"

Siku ya Krismasi alienda Bomet kuwapokea, akarudi peke yake. Kesho yake nilimkuta akipangusa viti vile vumbi.

"Pasaka haiko mbali," aliniambia, bila kugeuka.